Kumfuata Furukombe hadi Ukerewe

Niliondoka Mwanza kwa sababu ya kalenda. Miaka ile milango ya biashara huria ilikuwa imefunguliwa, na kila mwenye duka la maana alitaka kalenda yake ya kugawia wateja. Mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji kule Nyakato alikuja studio kwangu, Kirumba, akaniomba picha ya furukombe, yule tai wa ziwani mwenye kichwa cheupe, akiwa anainua samaki majini. Nilikubali kabla sijafikiri. Kazi yangu ilikuwa picha za pasipoti, za kipaimara na za maharusi, watu wanaokaa pale ulipowaambia wakae.

Kwanza nilijaribu ufukweni Pasiansi, kwa yangeyange, wale ndege weupe. Picha zikatoka mabawa kama moshi. Nikaelewa kwamba shata, kile kilango cha mwanga ndani ya kamera, ilikuwa inafunguka polepole mno, na ile lenzi ndefu ilikuwa ikitikisika mikononi mwangu. Nikabadilisha filamu, nikachukua ile inayonasa mwanga upesi zaidi, nikapandisha shata hadi moja ya mia tano ya sekunde. Nikashona mfuko wa kitambaa, nikaujaza maharage, lenzi ikapata mahali pa kulalia. Safari hii manyoya yalihesabika. Basi nikapanda meli ya kwenda Nansio, bandari ya Ukerewe.

Ukerewe nilipokelewa na Leokadia, mdogo wake jirani yangu wa Kirumba. Aliniandalia ugali wa muhogo na sato, lakini yeye mwenyewe hakula. Kila mara alikuwa akitazama ziwani. Mumewe, Magesa, alikuwa ametoka na mwenzake, Malima, tangu jana yake kutega nyavu za sangara, na hawakuwa wamerudi. Wanaume wa kijiji walikuwa wameshakwenda kuwatafuta upande wa kaskazini, kwenye nyavu. Wengine walisema pengine wamelala kisiwa fulani, kama inavyotokea. Nilimwambia nitaahirisha kazi yangu. Akakataa. Alisema ndugu yake, Bwire, anipeleke tu kwenye miamba kama tulivyopatana, maana upande ule hakuna aliyekwenda kutazama.

Alfajiri iliyofuata Bwire alinivusha kwa mtumbwi hadi mwamba mmoja uliopakwa weupe wa vinyesi vya ndege. Nililala kifudifudi, jua likiwa mgongoni, mfuko wa maharage chini ya lenzi. Furukombe alikuwa amekaa kwenye mti mkavu, ng'ambo kidogo. Nilijua kipimo cha mwanga cha kamera kingedanganywa na weupe wa kichwa chake na wa mwamba, kwa hiyo nilipima mwanga kwenye kiganja cha mkono wangu, nikaongeza kidogo. Bwire akarusha sato aliyekufa. Samaki akaelea. Nikalenga pale alipoelea, nikaiacha fokasi, yaani ukali wa picha, hapo hapo, nikangoja ndege aifuate mwenyewe.

Tukangoja muda mrefu. Jicho la kulia lilinichoka kwa kuchungulia, nikafungua na la kushoto. Ndipo nikaona kitu cheusi mbali sana, nje kabisa ya picha yangu. Nilimwuliza Bwire ni nini. Akatazama, akasema ni magugu maji, upepo huyasukuma vipande vipande. Kwa macho matupu ilionekana hivyo kweli. Nikageuza lenzi, nikazungusha fokasi taratibu. Magugu yakatokea, na katikati yake mtumbwi umekwama, na mtu mmoja amesimama anapunga shati.

Wakati uleule nilisikia furukombe akilia, nikajua ameshaondoka mtini. Sikugeuka. Nilimpa Bwire kamera. Alichungulia, akasema kwa sauti ndogo, "Ni shemeji. Na Malima yupo, amekaa. Twende, dada."

Kwa makasia tu tusingewafikia. Tulirudi ufukweni, na kwa bahati boti ya injini ya wanunuzi wa sangara ilikuwa imetia nanga ikipakia barafu. Bwire alimweleza nahodha kwa maneno machache. Nahodha hakuuliza mengi. Aliacha barafu ikiyeyuka, akawasha injini, Bwire akaruka ndani. Mimi nilibaki na Leokadia. Nilimshika mkono, naye akaukaza mpaka vidole vikaniuma.

Adhuhuri boti ilionekana ikirudi, ikivuta mtumbwi. Watu wawili walikuwa wamekaa mbele. Leokadia aliwatambua kabla yangu. Aliingia majini na kanga yake, maji yakamfika kiunoni, akaenda akipiga kelele na kucheka pamoja. Nilipiga picha bila kukumbuka kupima chochote.

Magesa alishuka midomo imepasuka kwa jua. Alieleza kwamba upepo uliwavunjia kasia, mtumbwi ukapasuka ubavuni, wakakesha wakikumba maji kuyatoa nje, kisha magugu yakawazingira na kuwasukuma mbali na nyavu. Alikunywa uji, akamtazama mkewe, akasema, "Nilifikiri sitakiona tena hiki kibanda, Leokadia."

"Kunywa uji," Leokadia akamwambia. "Kipo."

Jioni ile nyumba nzima ilikula, na Leokadia alikula kuliko sote.

Kesho yake Bwire alinirudisha kwenye mwamba. Sato alipoelea, furukombe hakutungojesha. Alishuka, kucha mbele, akapita palepale nilipokuwa nimelenga. Nilibonyeza mara tatu.

Mwanza, filamu ilipotoka kusafishwa, niliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ndege alikuwa mkali, matone yamesimama hewani, samaki anameta. Mchapaji alifurahi. Picha ya Leokadia ilitoka vizuri pia; hiyo niliituma Ukerewe.

Kutokana na safari ile nilijifunza kupima mwanga kiganjani na kumngoja ndege badala ya kumkimbiza. Lakini lililonikaa zaidi ni jambo jingine. Ninapofika majini sasa, kabla ya kumtafuta ndege, napitisha lenzi polepole juu ya maji yote, kutoka pembe hadi pembe. Mara nyingi hakuna kitu. Nashusha pumzi, naanza kazi.