Vifaranga Waliozidi

Jumamosi, sokoni Rumonge, nilikuwa nanunua sombe, yaani majani ya muhogo, kwa mama mmoja ambaye ziwa lilipopanda lilimchukulia ua, banda na kuku wote. Akaja jirani yake wa zamani, amekumbatia katoni iliyojaa vifaranga.

"Amahoro, dada. Nisaidie," akasema. "Kuku wangu wametotoa sana, na kwangu nafasi haiko. Unilelee hawa."

Muuza sombe alifuta mikono kwenye kitenge, akachungulia ndani. "Si uwauze?"

"Nani atanunua wadogo hivi? Wakikua, mayai utakula. Wakitotoa, utanirudishia mumoja."

"Mumoja tu?"

"Mumoja tu. Na unisamehe kwa kukusumbua."

Mama akaipokea katoni kwa mikono miwili. "Usijali. Nitakulelea vizuri."

Jirani alipokuwa anaondoka, nilimwambia kwamba pale sokoni vifaranga kama wale hununuliwa haraka sana. Akaweka kidole mdomoni.

"Najua," akanong'ona, akaenda zake.

Nimeona misaada mingi ikigawiwa huku ufukweni, picha zikipigwa. Huu ni wa kwanza kuuona ambao mtoaji ndiye aliyeomba msamaha.