Mama na Ng'ombe Wake

Juzi, kwenye zahanati moja ya Hanang, niliketi benchi moja na mama mwenye ugonjwa wa kukakamaa ngozi. Nesi kijana alikuwa akimuuliza maswali ya kupima ubora wa maisha yake.

"Shikamoo mama. Wiki hii maisha yalikuwaje?"

"Marahaba. Mazuri tu."

"Na maumivu?"

"Tunamshukuru Mungu."

Huku kwetu kwa wafugaji, ukiulizwa hali unajibu nzuri, hata kama umeletwa kwa kubebwa. Nesi akaweka kalamu chini.

"Na ng'ombe wako, mama?"

Mama akaficha vidole ndani ya shuka. "Anakamuliwa na mkwe wangu. Mikono yangu imekuwa migumu na ya baridi, nikimgusa anapiga teke. Hanijui tena."

Ndipo nesi akaanza kuandika. Wataalamu wa vipimo wanisamehe, lakini huku ukitaka kujua hali ya mtu, anzia zizini.