Usomo Niliouachia Wifi

Wifi yangu sikuwa nampenda hata kabla sijaugua, wacha niseme kweli. Aliolewa Kizingo kwenye nyumba ya bustani, mumewe wakala wa mizigo bandarini Kilindini, na kila akija kwetu Kibokoni lazima tusikie gari lilivyoachwa mbali kwa sababu vichochoro vyetu ni vyembamba. Lakini wivu wenyewe, ule wa kukosa raha ya chakula, ulinishika katikati ya miaka ya tisini, na niliutafuta kwa mdomo wangu.

Nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi, titi moja limekatwa, miale nimepigwa hadi ngozi ikawa nyeusi. Daktari akaniambia saratani imekwisha, nirudi baada ya miezi sita. Nyumbani wakapika pilau ya shukrani. Wote waliamini nimepona isipokuwa mimi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: mgongo ukiniuma kwa kufua, nasema maradhi yamerudi. Kila asubuhi kabla sijatoka kitandani najipapasa kwapani, natafuta kivimbe. Niliwaonea wivu hata wenye kikohozi cha kawaida. Jirani akilalamika kuwa goti lamsumbua, moyoni namwambia, nipe mimi hilo goti, wewe chukua ugonjwa wangu.

Ndipo binti wa shemeji yangu akaposwa. Ananiita mama mdogo, na tangu utotoni alisema mimi ndiye nitakayekuwa somo yake. Kwetu somo si wa siku moja. Ndiye anayemsinga bibi harusi, kumsugua mwili mzima kwa unga wa liwa na marashi, anayemfunza ya ndani, anayemsindikiza kwa mumewe, na mtoto akizaliwa ndiye anayemkanda mzazi mpaka arobaini itimie. Mama yake alipokuja kuniomba, na sahani ya halua mkononi, nilitazama chini nikasema, "Tafuteni mwengine. Mimi sijijui kama nitakuwepo."

Nilitaka wanibembeleze, ati. Hakunibembeleza mtu. Walinionea huruma, wakampa wifi, shangazi wa bibi harusi.

Lo! Kumbe nilikuwa sijaujua wivu. Napika namsema, nafua namsema. Nikasikia anamwita "bibi harusi wangu" kila nyumba anayoingia. Nikasikia kanunua liwa ya dukani, iliyosagwa tayari, na somo wa kweli husaga mwenyewe. Mume wangu akacheka, "Hasidi hana sababu, bibi wee." Nikamjibu sababu ninayo, tena ya kutosha na kubaki.

Siku ya singo nilikwenda kama mgeni. Nikakaa mkekani na wanawake wengine, kikombe cha kahawa mkononi. Wifi alikuwa amevua bangili zake, ameinama juu ya mwali. Singo yake kavu, inapukutika chini yote, naye anasugua kama anayeparua samaki. Mgongo wa mwanangu umeanza kuchubuka. Mwenyewe kimya kwa adabu, machozi yanamlengalenga. Bega la kwanza nilivumilia. La pili nikaweka kikombe chini.

"Wifi, ondoka hapo."

"Si ulisema hutaki?"

"Nilisema. Sasa nataka. Ondoka."

"Makubwa! Madogo yana nafuu," akasema bibi mmoja, na wote wakacheka, hata wifi kwa upande mmoja wa mdomo. Aliponipa bakuli aliniuliza kwa sauti ndogo, marashi hutiwa kiasi gani. Hakuna aliyewahi kumfunza kazi ile. Nilimhurumia kidogo. Kidogo sana.

Nikamimina marashi, nikachanganya mpaka singo ikashikana, nikaanza upya. Mkono wa upande uliokatwa ulikuwa mzito, haunyanyuki vizuri, nikautumia hivyo hivyo. Nilipofika kwapani mwa mwali, vidole vyangu vikasimama vyenyewe, vikatafuta. Hakuna kitu, ngozi laini ya msichana. Nikakitazama kifua chake kizima na nikamwonea wivu yeye pia, mtoto niliyempenda, wivu wa kuniunguza. Mara nikakumbuka kuwa mimi mwenyewe tangu juzi sijajipapasa. Nilishughulika mno na kumchukia wifi.

Mwali akageuza shingo. "Mama mdogo, na arobaini yangu je? Utanikanda wewe au shangazi?"

Wanawake wakanigeukia. Wote walijua nilichomjibu mama yake. Tangu nirudi kutoka Nairobi sikuwa nimemwahidi mtu hata Ijumaa inayokuja, na arobaini hiyo ilikuwa ya mtoto ambaye hata mimba yake bado. Woga ulinijia, siwezi kukataa. Nikamtazama wifi, amesimama na taulo begani, mzima wa afya, sura ya mtu atakayetuzika sote. Nikamwona akilini akimkanda mwanangu kwa mikono ile mikavu. Nikamwona amempakata mtoto.

"Mimi," nikasema. "Na wa pili pia ni mimi. Shangazi yako atakuja na gari lake kututazama."