Nilimwita Mkaguzi wa Eksirei Mwizi

Nilikosa, ndugu zangu, na sitaki kuhurumiwa. Mkono wangu haukurusha jiwe, lakini damu iko kwangu!

Nilikuwa na kliniki ya eksirei hapa Manyatta, Kisumu. Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa na bati zito la madini ya risasi ndani, la kuzuia mionzi isitoke. Shemeji zangu, wavuvi wa Luanda Kotieno, walilia hawana vizito vya kuzamisha nyavu. Kwa kupenda sifa za ukweni, nikalibandua bati nikawapelekea wakatekate! Mlango nikaupigilia mbao, nikaupaka rangi.

Kando ya mlango huo ndipo mke wangu alipokaa akipokea wagonjwa. Alikuwa mjamzito. Mjinga mimi!

Siku moja akaja mkaguzi wa serikali na kifaa cha kupimia mionzi. Akaomba niwashe mashine. Kifaa kikalia pale pale mezani kwa mke wangu.

"Mama, huwa unakaa hapa siku yote? Toka kwanza," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Mzee, hii mashine nafunga leo."

Nikapandwa na mori! Nikamkaba shati, nikamburura hadi nje. Akajinasua, akakimbia na kifaa chake mkononi. Shetani akanipa maneno nami nikayapokea, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo: "Mwizi! Jakuo! Ameiba mashine yangu!"

Mnaijua Manyatta. Vijana wa boda waliacha pikipiki zikianguka. Mawe, vyuma, mateke ya uso! Nilisikia mfupa wake ukivunjika na, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mke wangu akatoka mbio. "Uwi! Wachaneni na yeye! Si mwizi, ni mtu wa serikali!" Akamlalia yule bwana kumkinga. Jiwe alilorushiwa mkaguzi likampata yeye tumboni.

Hapo ndipo nilipopiga kelele kwamba nimesema uongo. Nani angenisikia?

Mkaguzi alipona, ila jicho moja limekwisha. Mtoto wetu hakupona. Hospitalini mke wangu alinitazama mbele ya kaka zake. "Huyo mtu alikuja kutuokoa, Baba. Wewe ukaita watu wamuue." Akarudi kwao, na mimi nangoja hukumu ya korti.

Wewe mwenye mashine kama yangu, mkaguzi akibisha hodi mfungulie, hata kama unajua umekosa. Aifunge! Kliniki hufunguliwa tena. Mimi nimezika mtoto ambaye hata jina hatukuwa tumempa.