Mwenye Chachu

Mwaka wake wa pili katika bweni la Nyumba ya Zilber ulikuwa umeanza, na Elspeth Tranter bado hakuwa amejifunza kula na watu wale. Mezani hakuna aliyengoja mwenzake amalize kusema. Ukingoja, supu inapoa na hoja imeshahama. Kwao, kwenye mashamba ya ngano mbali na Sydney, baba yake angeweza kumaliza chakula cha jioni kwa maneno mawili, na mama yake akaona leo wamezungumza sana. Basi Elspeth alikula, akatabasamu palipotakiwa, akapanda chumbani kusoma. Walimpenda, hilo alilijua. Lakini hakuna aliyewahi kubisha mlango wake.

Bweni lenyewe lilikuwa dogo, wanafunzi nusu Wayahudi, nusu watu wa kila namna, na jikoni sinki moja la vyombo vya nyama na jingine la vyombo vya maziwa, kwa kuwa dini ya Kiyahudi haichanganyi viwili hivyo. Elspeth alilichagua kwa udogo wake, akidhani udogo ni utulivu.

Aprili ile, Pasaka ya Wayahudi ilipokaribia, makabati ya jikoni yalifungwa kwa utepe. Sikukuu nzima Myahudi hatakiwi kumiliki kitu chenye chachu, kwa hiyo kila mwaka rabi wa bweni aliuza vyote, biskuti, tambi na wiski, kwa mtu asiye Myahudi, kisha akavinunua tena sikukuu ikiisha. Mnunuzi wa siku zote alikuwa bawabu, naye yuko likizo. Rabi Pinkus akamwomba Elspeth. Elspeth hakujua kumkatalia mtu. Akatoa dola zake chache, akapewa ufunguo, wakapeana mikono.

Hapo ndipo Dalia Frischman wa chumba cha jirani alipomletea chupa ya kioo yenye kitu kama uji mzito. Ilikuwa chachu ya mkate, ile inayoishi kwa kulishwa unga na maji, ya bibi yake, Golda, aliyefariki Januari. Kila Pasaka bibi huyo alimuuzia jirani yake Mgiriki, na yule mama akamrudishia ikiwa hai.

"Hii nayo imo kwenye mauzo," Dalia alisema, na vidole vyake vikachelewa kuiachia.

Siku mbili baadaye chupa ilikuwa na maji ya kijivu juu na harufu ya soksi. Elspeth alisimama mlangoni kwa Dalia kwa muda kabla ya kubisha.

"Dalia, hii chachu yako naona kama..."

"Si yangu."

"Kama inakufa."

Dalia akageukia ukutani. "Usiniambie, tafadhali. Nikikuagiza hata kijiko kimoja cha unga, nitakuwa nimeonyesha bado ni yangu. Ni yako, Elspeth. Fanya utakavyo."

Rabi naye hakusaidia. Alimsikiliza kwa huruma, kisha akamwambia mali ni yake, na mwenye mali hafundishwi na aliyemuuzia.

Elspeth aliwahi kulea wanakondoo waliofiwa na mama zao. Hao huwalishi kwa pupa. Unawapa kidogo kidogo, unawaweka penye joto, na hukati tamaa kabla hakujapambazuka. Akanunua unga, akayamwaga yale maji ya juu, akailisha iliyobaki, akaifunga chupa ndani ya sweta karibu na hita ya chumbani kwake. Asubuhi akaona mapovu. Sikukuu ilipofika katikati, chachu ilikuwa ikisukuma kifuniko, naye akajikuta akiisemesha, akiiambia yote aliyokuwa ameyameza pale mezani.

Siku moja, wakila mikate mikavu isiyotiwa chachu, Dalia aliona unga kwenye mkono wa shati la Elspeth. Akautazama, akainamia sahani yake. Siku hiyo alikula akamaliza, akaongeza.

Jioni sikukuu ilipoisha, walijazana jikoni wakibandua utepe, na mmoja wao ameshaagiza piza. Rabi akaweka pesa mezani.

"Haya, tajiri wetu, turudishie mali."

Elspeth akatoa ufunguo. "Makabati chukueni. Chachu siuzi."

"Rabi, umekutana na mfanyabiashara," mmoja akachokoza, wakacheka, kisha wakaacha.

"Elspeth, utani huo mbaya," Dalia alisema. "Ile ni ya bibi yangu."

Elspeth alikuwa ameiva uso mzima. Akamgeukia rabi. "Nilinunua kweli, au tulikuwa tunaigiza?"

Rabi alijikuna ndevu. "Ulinunua kweli, mwanangu. Kama yalikuwa maigizo, basi sisi Wayahudi wote humu ndani tumeivunja sikukuu." Akamtazama Dalia. "Mimi sina la kufanya."

Elspeth akapanda ngazi. Hakuwa amelipanga neno lile, lilitoka tu. Alikaa kitandani karibu na chupa, akijiuliza kama kesho afungashe vitu vyake arudi kwao. Mlango ukabishwa.

Dalia alikuwa na macho mekundu. "Umenikomoa. Nimekukosea nini?"

"Ungekuja kuichukua kama mtu anayetoa kitu kabatini, halafu basi. Ungerudi zako. Mimi si kabati, Dalia."

Dalia akakaa kitandani bila kukaribishwa, akakitazama chumba, vitabu, sweta lililochafuka unga.

"Nionyeshe basi," akasema.

Elspeth akafungua kifuniko. Dalia akainama karibu pua iguse. "Imenona. Kwangu mimi haikuwahi kuumuka hivi. Nilikuwa naiogopa, unajua? Naona nikikosea, nimemuua bibi mara ya pili." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nigawie nusu. Nakuomba."

Chombo kingine hakikuwepo ila kikombe cha mswaki. Elspeth akakisuuza vizuri, akamimina nusu, akamsogezea ile chupa ya bibi. Dalia aliishika, akaizungusha mkononi, akairudisha karibu na hita, akachukua kikombe.

"Iache hapo, imeshazoea. Huyu wangu anakula saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Asubuhi?"

"Asubuhi na jioni."

"Mama wee," Dalia akaguna. "Asubuhi uniamshe."