Mate ya Mjane wa Lizaboni

Siku ya kwanza kazini nilitukanwa kabla jua halijapata nguvu. Nilipiga hodi nyumba moja ya Msamala, hapa Songea, kisanduku cha barafu mkononi, nikamwomba mzee wa pale ateme mate kwenye kichupa. Akanitazama juu mpaka chini. "Mate yangu uyapeleke wapi, wewe mama? Kwa mganga gani?" Sikumlaumu. Kwetu mzee hukutemea mate ukisafiri, iwe baraka. Na kinachobariki kinaweza pia kufunga.

Ilikuwa kazi ya utafiti. Mimi ni wa darasa la saba tu na sioni haya, maana nilichaguliwa kwa mdomo wangu. Mtafiti Mkuu, mama mfupi mwenye sauti ya padri, alitufundisha kwamba mwilini mna homoni, yaani wajumbe wanaopita kwenye damu kupeleka habari. Mmoja anaitwa kotisoli. Ukiogopa, anapiga mbio. Asubuhi huamka na nguvu, jioni hupumzika, na nyayo zake huonekana kwenye mate. Yeye alitaka kujua watu wakigombana, wakipatana, wakifiwa, mjumbe huyo anafanyaje.

"Na majibu ya mtu ni ya mtu," alisema. "Ukimpa jirani, rudisha kisanduku."

Nikazunguka. Peramiho kwa wakulima, kisha Tunduru wakati wa korosho, ambako akina mama walisema Bismillahi kwanza ndipo wakatema. Watoto waliniita Bibi Mate. Nikaitika.

Halafu nikapangiwa Lizaboni, kwa waliofiwa. Huko nilimkuta Mama Osmunda. Mumewe, fundi seremala, alikufa baada ya kukohoa muda mrefu. Mama huyu alikubali kutema tangu wiki ya msiba, lakini kulia hakulia. Alikaa mkekani, shingo imeinama upande, kama kuku aliyesikia mwewe.

Wifi yake mkubwa alisema wazi mbele yangu, "Jicho kavu kama mchanga wa kiangazi! Kamuua kaka yetu huyu. Arobaini ikiisha, atoke kwenye nyumba hii."

Majibu yakarudi kutoka maabara. Mtafiti Mkuu aliona namba tu, majina hakuwa nayo. Akashika shavu. "Huyu asubuhi juu, jioni juu. Mwili wake unakimbia kama aliyeona simba, na hausimami."

Namba ile niliijua. Ilikuwa ya Mama Osmunda. Mwanamke yule hatikisiki hata inzi akimtua mdomoni!

Nilitamani kumpiga wifi usoni kwa majibu yale. Lakini majibu ya mtu ni ya mtu, basi nikampelekea mwenyewe.

"Mama Osmunda, mwili wako unakimbia. Unakimbia nini?"

"Sikimbii, bibi. Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Anakohoa uani, asubuhi na jioni. Nikilia sitamsikia."

Ilikuwa mchana, jua linawaka. Nikachungulia uani. Sikusikia kitu. Ila kuku wote walikuwa wamejibana pembe moja, wakitazama benchi la seremala, tupu.

Siku ya arobaini wifi alikaa mlangoni, mikono kifuani, tayari kumfukuza. Akaja mtani, mzee wa Kihehe, maana bila mtani msiba wa Mngoni hauishi. "Wangoni nyie! Huyu alijua kufa tu, kazi hakujua!" Watu wakacheka. Akaenda uani kuvaa koti la marehemu, amwigize, kama ilivyo desturi.

Tukasikia kikohozi. Kikavu, chenye mluzi mwishoni. Kicheko kikakatika. Kisha mtani akaingia na lile koti, bega moja chini, akitembea kama fundi mwenyewe.

Mama Osmunda akasimama. "Umechelewa, Baba Osmunda. Chakula kimepoa." Akaliangukia lile koti, akatoa kilio ambacho sijapata kusikia kingine kama hicho. Wifi ndiye aliyekwenda kumshika. "Lia, wifi yangu. Lia." Habari ya kumfukuza haikutajwa tena, na nyumba ile anaikalia mpaka leo.

Baadaye nilimsifu mtani. "Kikohozi umekiiga vizuri."

Akalivua koti haraka. "Mimi sikukohoa, mama. Nilikuwa bado natafuta mkono wa koti. Nilidhani ni mmoja wenu."

Mate ya wiki iliyofuata yalionyesha mjumbe kapumzika jioni. Mtafiti Mkuu akafurahi, akauliza kulikoni. Nikamweleza habari ya mtani na kilio. Kikohozi sikumweleza. Hakina kichupa.

Sasa nimestaafu, wajukuu zangu. Nimeifanya kazi ile vizuri, hakuna mlango wa Songea ambao sikuufungua. Mkiingia kazini, siri ya mtu mrudishieni mwenyewe. Na msimpime mfiwa kwa machozi. Tangu tumzike babu yenu mnanong'ona jikoni kwamba bibi hakulia. Nawasikia. Mnayakumbuka malapa yake, alivyokuwa akiyaburuza akitoka bafuni?

Basi punguzeni hiyo redio.