Matundu Matatu Begani

Waliokuja kunisalimu walitaka kuona kidonda. Kwetu Rumonge mtu aliyepasuliwa huonyesha mshono, na mimi nilikuwa na plasta tatu tu, kila moja ndogo kuliko kifuniko cha Fanta. Jirani yetu, mama anayeuza samaki, aliinamia bega langu akacheka.

"Kumbe walikutoboa tu! Hii njo operesheni? Sindano ya malaria iko na alama kubwa kuliko hii."

Nilicheka pia, kisha nikaanza kuwaza. Na kama kweli hawakufanya kitu? Daktari kule Bujumbura alisema aliingiza kamera nyembamba kwenye tundu moja na vyombo kwenye mengine, akaushona kwenye mfupa ukingo wa gegedu, yaani mfupa laini wa kiungo, uliobanduka. Mimi nilikuwa nimelala. Nilichobaki nacho ni neno lake, na onyo: mkono ukae umefungwa kifuani, maana ukigeuzwa kwenda nje kabla ya kupona, mshono wa ndani utachanika. Njiani kurudi, kila shimo la barabara baada ya Gitaza lilinifanya nijikague upya. Limeuma? Au nimeogopa tu?

Bega hili lilianza kutoka mahali pake nikiwa chuoni, kwenye mpira wa wavu. Baadaye likatoka nikivaa shati. Mara ya mwisho lilitoka kanisani, nikiinua mikono wakati wa sifa. Nilipiga ukelele, na safu nzima ya mbele ikaitikia, "Amina!" Shangazi yangu peke yake alielewa. Alinitoa nje, akanilaza kwenye benchi, akavuta mpaka bega likaingia. Nikiwa nyumbani ni yeye aliyelirudisha siku zote, kisha akalikanda kwa mawese ya moto.

Kwa hiyo alipoingia mbele ya wageni na sufuria yake ndogo ikitoa mvuke, nilijua.

"Shangazi, daktari alikataza."

"Alimukataza nani? Mimi nimelishika hili bega kabla yake." Tayari alikuwa anafungua mkanda ulioshikilia mkono wangu kifuani. "Litakakamaa hivi."

Nilipanga sentensi ya heshima, nikaibadilisha, nikaipanga tena. Wakati huo yeye ameshashika kifundo cha mkono wangu na kuanza kuupeleka nje.

"Acha!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Shangazi aliachia.

"Unanifokea?"

"Ndani kumeshonwa, shangazi. Ukivuta mkono, unavuta uzi."

Alizitazama zile plasta. "Huo uzi uliuona?"

"Hapana."

"Na unauamini?"

"Nauogopa," nilisema.

Jirani alicheka. Shangazi hakucheka. Alivuta kiti karibu, akakaa. "Basi nishike wapi?"

Vidole nilikuwa nimeruhusiwa kuvichezesha, na vilikuwa vimevimba. Nikampa. Akaanza na kidole gumba, bila kunitazama, akiwaambia wageni kwamba watoto waliosoma wanasumbua kuliko wachanga. Mawese yalikuwa ya moto, yakinituliza mpaka kwenye kiganja. Lakini mimi nilikuwa nasikiliza juu, begani, kama ule mvuto mfupi ulikata kitu. Sikusikia chochote, na hilo nalo likanitia wasiwasi.